Kidonge Hakina Mkono

Mwanamke ninayetaka kumweleza hapa alifanya kazi moja tu maisha yake yote, nayo ni kutazama chupa tupu zikipita mbele ya taa. Alianza akiwa na miaka ishirini na mbili, akaacha akiwa na hamsini na nne. Kiwandani tulimwita Kurunzi, kwa kuwa hakuna kilichojificha mbele yake. Jina lake la kuzaliwa nadhani hata karani alikuwa ameshalisahau.

Kiwanda chetu kilikuwa cha soda. Siku hizo soda ilitiwa katika chupa ya kioo, na chupa ilirudi. Ilirudi na kila balaa la mitaani: mrija, kichungi cha sigara, mende, msumari, na siku moja mkia wa mjusi ambao ulikuwa bado unacheza. Mashine iliziosha, lakini mashine haina uchungu na mtu. Kwa hiyo kabla chupa hazijafika kwenye kujazwa, zilipita mbele ya kioo cheupe chenye taa sita nyuma yake, na mbele ya kioo hicho kulikuwa na stuli moja, na juu ya stuli mtu. Chupa zilitoka kulia kwenda kushoto juu ya mkanda wa mpira, mia na ishirini kwa dakika. Yenye uchafu au ufa uliikamata shingoni kwa vidole viwili, ukaitia katika kreti iliyokuwa kushoto kwako.

Mtu asiyejua huiona kazi nyepesi. Msimamizi wetu wa zamani, marehemu sasa, hakuwahi kukanyaga chuo, lakini alijua jambo ambalo wenye vyeti wa leo hawalijui. Alijua kwamba baada ya dakika ishirini jicho hubaki wazi lakini mwenyewe ameshaondoka. Chupa zinapita, wewe unazitazama, na humo ndani hakuna mtu. Ndiyo maana stuli moja ilikuwa na watu wawili. Mmoja anatazama, mwenzake anapanga kreti na kupumzisha macho, na kila baada ya dakika ishirini msimamizi anagonga kengele, wanapokezana.

Kupokezana kulikuwa na taratibu yake. Anayekuja anasimama nyuma ya aliyekaa, anaziangalia chupa kwanza mpaka macho yake yameshika mwendo, kisha anaweka mkono kwenye bega la kushoto la mwenzake na kusema, "Nimezipokea." Aliyekaa anajibu, "Zote zako." Hapo tu ndipo anaruhusiwa kugeuza macho. Si kabla, hata kama nyumba inaungua. Mara moja tu mwenzetu mmoja aliinuka bila kuguswa, tumbo limemkamata, na katika kitambo kile ikapita chupa yenye kipande cha wembe. Aliyekuja kuinunua, kati ya watu wote wa mji, alikuwa mke wake mwenyewe. Tangu siku ile hakuna aliyecheza na bega.

Mimi na Kurunzi tulipokezana kwa miaka kumi na tisa. Watu wa kujaza walitutania kwamba sisi ni mke na mume wa chupa, na kwamba siku tukigombana mji mzima utakunywa mende. Yeye hakujali maneno ya watu. Alikuwa akiwajibu kwamba mume kama mimi angeshamtia kwenye kreti ya kushoto siku ya kwanza. Aliniita kaka, nami nilimwita dada, na mume wake wa kweli alipofariki nilikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza.

Kisha wakaja wenye tai. Wakasimama nyuma yetu na vibao vyao vya kuandikia, wakagundua, kwa elimu yao kubwa, kwamba watu wawili wanafanya kazi ya mtu mmoja. Kengele iling'olewa ukutani, ikabaki misumari miwili. Mimi nikaambiwa umri wangu unaniruhusu kupumzika. Kurunzi akabaki peke yake na stuli, saa nane kwa siku, na mapumziko mawili ya chai. Ukutani mahali pa kengele wakabandika karatasi iliyosema kwamba umakini ni wajibu wa kila mfanyakazi. Mambo ya siku hizi ndivyo yalivyo: wanakunyang'anya kitu, halafu wanakuandikia karatasi ya kukukumbusha kuwa nacho.

Alistahimili miaka miwili. Alinisimulia baadaye kwamba alikuwa akijifinya paja ili asiondoke ndani ya macho yake. Zilipobaki siku chache aingie mwaka wake wa mwisho kabla ya kustaafu, wakaleta kamera. Waliifunga mbele ya stuli yake, upande zinakoelekea chupa, ili itazame kila aliyoipitisha. Msimamizi mpya, kijana mpole ambaye simlaumu sana, alimweleza masharti akiwa ametazama viatu vyake. Siku thelathini za majaribio. Kamera ikilia hata mara moja kwa chupa ambayo Kurunzi ameiachia, stuli inaondolewa na yeye anapelekwa kufagia uwanja mpaka muda wake uishe. Isipolia, stuli ni yake mpaka siku ya kustaafu.

Huenda mtu akasema kufagia si aibu. Kweli si aibu. Lakini huyu alikuwa Kurunzi. Kwa miaka thelathini na miwili hakuna mtoto aliyemeza msumari kutoka kiwandani kwetu, na yeye alijua sababu ni nani. Kumwambia leo kwamba haoni ni sawa na kumwambia kwamba hakuwahi kuwepo.

Binti yake ndiye aliyeleta vidonge. Alikuwa anauza katika duka la dawa, naye aliviona vikinunuliwa na wanafunzi wa mitihani na madereva wa safari ndefu. Alimhurumia mama yake. Kopo lilikuwa la plastiki ya bluu, na juu yake picha ya kichwa cha mtu kinachotoa miale kama jua. Kurunzi aliniletea nilisome, maana alijua mimi, ambaye darasa la nne nililiacha katikati, nimejisomesha kwa kamusi na magazeti ya kufungia vitu. Nikavaa miwani. Mafuta ya samaki. Majani ya mti wa mbali. Kiini cha kahawa. Na vitu vingine vitatu ambavyo kamusi yangu haikuvijua. Maelekezo: kimoja kwa siku, asubuhi, pamoja na chakula.

Nilikwenda mwenyewe kumuuliza mfamasia, mwajiri wa yule binti, maana siamini picha za vichwa vyenye miale. Mzee yule alikuwa mkweli kuliko kopo lake. Alisema kuna wanaosaidika kidogo na kuna wasiosikia chochote, na kwamba si dawa, ni nyongeza tu ya chakula. Akaongeza kwamba kama mtu hapumziki, hakuna kidonge kitakachompumzikia. Nikamwambia, bwana, maneno hayo yalikuwa ukutani kwetu kwa miaka arobaini, yalikuwa na umbo la kengele. Hakunielewa, na sikumlaumu.

Nilimfikishia Kurunzi maneno ya mfamasia. Akacheka, akaniambia nisijitie udaktari.

"Unakimeza kimoja?" nikamuuliza.

"Vitatu. Cha kuingilia, cha saa nne, na cha baada ya chai ya mchana."

"Kopo linasema kimoja, dada."

"Kopo halijakaa kwenye stuli," akasema. "Sina wa kunipokea, kaka. Sasa vidonge hivi ndivyo vinavyonipokea."

Nilitaka kumjibu, nikaona nitamvunja moyo. Nikanyamaza, na hilo ndilo kosa langu katika habari hii.

Wiki ya kwanza alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona usoni pake tangu azike. Alisema hajifinyi tena. Alisema kila chupa inapita kama vile iko peke yake duniani, inasimama mbele yake, inageuka yenyewe, inamwonyesha mgongo. Kamera haikulia.

Siku ya tisa aliitoa chupa moja akaitia kushoto. Msimamizi alipopita aliiokota, akaigeuza kwenye taa, haikuwa na kitu. Akamwita fundi wa mitambo, naye akaigonga kwa ukucha, ikalia sauti safi. Wakamwambia kwa adabu kwamba ameitupa nzima. Yeye hakugeuza macho kutoka kwenye mkanda. Alisema tu, "Ina ufa, haujatoka." Fundi akacheka, akasema wahenga walituonya tusipoziba ufa, lakini hawakutuambia tuzibe na ambao haujazaliwa. Wakaiweka chupa juu ya meza ya msimamizi, wakaketi hapo hapo kunywa chai pamoja na karani. Walikuwa watu watatu mezani, na wote watatu wameniapia. Hakuna aliyeigusa. Chupa ilipasuka yenyewe, taratibu, kutoka shingoni mpaka kitakoni, bila mlio, kama ganda la karanga linavyofunguka. Vipande viwili vikalala kila kimoja upande wake.

Fundi hakucheka tena. Nasikia tangu siku hiyo alikuwa akipita nyuma ya stuli ile, hapiti mbele.

Nyumbani mambo yalianza kuharibika. Binti alinieleza kwamba mama yake amepunguza kupepesa. Anakaa na kikombe mkononi mpaka chai inapoa, macho yanatembea kutoka kulia kwenda kushoto, yakifika mwisho yanarudi kulia kwa ghafla na kuanza tena. Ukimwita hasikii. Ukisimama mbele yake anakutazama kitambo kifupi, kama nusu ya sekunde, kisha macho yanakuacha yanakwenda kwa anayefuata, na anayefuata hayupo. Binti alificha kopo. Mama hakuuliza kopo liko wapi, akanunua jingine.

Jumapili ya tatu alikuja kwangu. Nilikuwa nimekaa mlangoni na gazeti. Hakunisalimu. Alinishika kidevu kwa vidole viwili, kama tulivyokuwa tukishika shingo ya chupa, akanigeuza uso kuelekea mwangaza wa jua. Vidole vilikuwa baridi. Alinitazama upande mmoja, akanigeuza, akanitazama wa pili. Nilikuwa nimemzoea mwanamke huyu kwa miaka na miaka, nikajikuta nimezuia pumzi kama mtoto mbele ya daktari.

"Bado," akasema.

Akaniachia, akaenda zake. Nilibaki na gazeti mapajani, nasoma mstari mmoja mara kumi.

Kesho yake kiwandani, msimamizi alipita mbele ya taa kumuuliza jambo. Kurunzi, bila kuondoa macho kwenye mkanda, alimshika shati kifuani kwa vidole viwili, akamvuta mpaka kushoto kwake, akamwacha hapo kando ya kreti. Watu wa kujaza walicheka mpaka wakajishika mbavu. Walimwambia msimamizi ashukuru hakuvunjwavunjwa kama chupa za kreti ile. Naye alicheka, lakini jioni alikwenda hospitali kupimwa moyo bila kumwambia mtu, na madaktari hawakumruhusu kurudi nyumbani kwa siku kumi na moja. Yu hai. Daktari alimwambia angechelewa wiki moja wangekuwa wanazungumza lugha nyingine. Mimi sisemi ni vidonge, wala sisemi si vidonge. Mafuta ya samaki nayajua, na kahawa naijua. Ninachokisema ni kwamba mtu akikodoa macho bila wa kumwambia sasa basi, hatujui mwisho wa anachokiona. Wazee wetu labda walijua. Ndiyo maana waliweka kengele.

Siku ya thelathini ilikuwa Alhamisi. Saa kumi na moja jioni binti alikuja kwangu mbio, viatu mkononi.

"Mjomba, twende. Mama hainuki."

Nilidhani amekufa. Njiani akaniambia hapana. Kamera haikulia hata mara moja. Wenye tai walikuja wenyewe kumpa barua ya pongezi, wakapiga makofi, mkanda ukazimwa kwa heshima yake. Yeye akaendelea kutazama. Barua waliiweka mapajani pake ikaanguka. Walijaribu kumwinua, mwili ukawa mzito kama uliosimikwa kwa saruji. Muuguzi wa kiwanda alimpima, akakuta mapigo yako sawa, akashauri gari la wagonjwa. Ndipo yule fundi wa mitambo, aliyekuwa amekaa pembeni, akasema kwamba hapa hatakiwi daktari, anatakiwa yule mzee wa chupa.

Sikuwa nimekanyaga pale kwa miaka miwili. Kilikuwa kiwanda kile kile na hakikuwa kile. Mashine zote zilikuwa kimya, na nilikuwa sijawahi kukisikia kiwanda kikiwa kimya. Taa sita peke yake ndizo zilizowaka, maana hakuna aliyethubutu kuzizima mbele yake. Wenye tai walikuwa wamesimama ukutani kama waliochelewa msibani. Kurunzi alikuwa ameketi wima. Mkanda mbele yake ulikuwa mtupu, umesimama, na macho yake yalikuwa yanatembea. Kulia, kushoto. Kulia, kushoto. Mara moja moja mkono wake uliinuka, vidole viwili vikashika kitu kisichokuwepo, vikakiweka kwenye kreti. Nilitazama ndani ya kreti. Sijui nilitegemea nini. Ilikuwa tupu.

Nilielewa pale pale, na nilijiona mjinga kwa kutoelewa mapema. Hakuwa mgonjwa, wala hakuwa mwendawazimu. Alikuwa mfanyakazi mwaminifu wa kiwanda cha zamani. Alikuwa anangoja kupokewa. Kidonge kilimkalisha, lakini kidonge hakina mkono. Hakiwezi kumgusa mtu bega kikamwambia inuka, dada, umemaliza. Na katika jengo lile lote, pamoja na vyeti vyao, hapakuwa na mtu aliyejua maneno.

Nikasimama nyuma yake. Taratibu ni kwamba kwanza unaziangalia chupa mpaka macho yako yashike mwendo. Niliutazama mkanda mtupu. Niliona aibu mbele ya watu wale, mzee mzima anatazama mpira mweusi uliosimama. Lakini taratibu ni taratibu, na niliogopa nikiiruka atajua. Nikatazama. Sijui ilichukua muda gani. Kilichotokea ni kwamba zikaanza kupita.

Nisieleweke vibaya. Nilikuwa sijala kidonge chochote, sijawahi. Zilipita safi, moja moja, kila moja na mwanga wake tumboni, mia na ishirini kwa dakika, na nilisikia zikigongana.

Nikaweka mkono kwenye bega lake la kushoto. Mifupa yake ilikuwa inatetemeka kwa ndani, kama mtambo unavyotetemeka.

"Nimezipokea," nikasema.

Alishusha pumzi ndefu ambayo sijui alianza kuivuta lini.

"Zote zako," akasema, na akafumba macho.

Akaniangukia. Binti na fundi wakambeba. Alilala siku mbili mfululizo, akaamka Jumamosi mchana anaomba uji, akamgombeza binti yake kwa vumbi lililokuwa dirishani. Vile vidonge vyote binti alivitia chooni, na mfamasia alimwambia kwamba vitatu kwa siku kwa mwezi mzima hapewi hata ng'ombe. Stuli alikuwa ameishinda, barua ilikuwa yake, muda wake ulikuwa umelindwa. Hakurudi kuikalia. Alikwenda mara moja tu kusaini karatasi, akapita uwanjani akiwa ameinamisha kichwa, akastaafu mapema. Kamera ndiyo iliyobaki. Nasikia hulia mara kwa mara na hakuna anayejua kwa nini.

Sasa ana miaka mitatu nyumbani. Anapanda mboga, anapepesa kama watu wengine, na haoni vizuri kwa mbali. Siku moja nilimuuliza siku ile alipokuja kwangu alimaanisha bado nini. Alinishangaa. Akasema hakumbuki kuja kwangu, na akaniuliza kama nimeanza kuota mchana. Tulicheka. Nilicheka kidogo kuliko yeye.

Maana mimi ninayeandika haya bado niko kwenye zamu. Nikifumba macho zinapita. Nikila zinapita nyuma ya sahani. Hazinidhuru, ni safi kabisa, sijapata hata moja ya kutia kushoto, lakini hazikomi, na katika siku hizi za karibuni nimeanza kupunguza kupepesa. Nimemwomba Kurunzi anipokee. Alisimama nyuma yangu mara tatu, maskini, akajitahidi. Hazioni. Na asiyeziona hawezi kuzipokea, mkono wake kwenye bega langu ulikuwa mkono tu. Wengine waliojua kazi ile wameshatangulia mbele ya haki, na waliobaki wanajua kubonyeza vitufe.

Kwa hiyo nimeyaandika maneno kama yalivyokuwa, bila kuongeza wala kupunguza. Huwa nimekaa mlangoni tangu asubuhi, nimeelekea jua. Anayetaka na aje kwa nyuma, asubiri kwanza mpaka azione. Bega ni la kushoto.